Takwimu za Nishati Safi: Zipi Uzijue, na Uzieleze Vipi Mbele ya Watu

Anayesimama mbele ya mkutano wa kijiji, bodi ya shule au kikao cha madiwani kutetea nishati safi huulizwa maswali ya namba mapema kuliko anavyotarajia. Mama lishe atataka kujua uniti moja ya umeme inaivisha maharage mara ngapi, mkuu wa shule atauliza jiko jipya litarudisha gharama yake baada ya miezi mingapi, na diwani atauliza kwa nini mgawo wa umeme uliwahi kutokea ilhali nchi ina mito. Nimeona watetezi wenye nia njema wakipoteza wasikilizaji wao kwa sababu walikuja na namba kubwa za dunia, wakashindwa kujibu swali dogo la jikoni. Mwongozo huu unahusu namba chache ambazo ni lazima uzijue, hasa ukifanya kazi Tanzania au Kenya, na unaeleza jinsi kila namba inavyopatikana, kwa sababu namba usiyoweza kuieleza itakuangusha siku utakapobanwa.

Tenganisha kwanza nishati safi na nishati jadidifu

Maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo mabishano mengi huanzia. Nishati jadidifu ni ile inayojirudisha yenyewe, kama jua, upepo, maji yanayotiririka na jotoardhi. Nishati safi ya kupikia ni ile isiyomjazia mpishi moshi mapafuni, na katika mikakati ya serikali za Afrika Mashariki kundi hili linajumuisha gesi ya mitungi, ingawa gesi hiyo inatokana na mafuta na gesi ya ardhini na wala si jadidifu. Kwa upande mwingine kuni ni jadidifu pale zinapovunwa kwa kiasi kisichozidi miti inayoota, lakini zikichomwa kwenye mafiga haziwi safi kwa yeyote aliyeinama kupuliza moto.

Kwa hiyo kabla ya kutamka namba yoyote, sema unazungumzia shabaha ipi. Ukimshauri mama mwenye watoto wadogo ahame kutoka kwenye kuni kwenda kwenye gesi, unatetea afya yake, na una haki kamili ya kufanya hivyo. Usimwambie kwamba gesi hiyo haichangii joto la dunia, kwa maana si kweli, na atakayekukosoa atakuwa na haki.

Jua tofauti ya uwezo wa mtambo na umeme unaozalishwa

Hili ndilo kosa ninalolisikia mara nyingi zaidi, hata kutoka kwa waandishi wa habari. Wati, kilowati na megawati hupima uwezo, yaani kasi ya kuzalisha au kutumia umeme kwa wakati fulani. Uniti moja tunayoinunua kwenye LUKU, yaani mfumo wa Tanzania wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Pasi ya kilowati moja ikiwaka saa nzima bila kukatika inakula uniti moja, na taa ya wati 10 inahitaji saa 100 kumaliza uniti hiyohiyo.

Tofauti hii hubadilisha kabisa jinsi ya kusoma habari za mitambo mikubwa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, ambayo jumla yake ni megawati 2,115, na mtambo wa kwanza uliingizwa kwenye gridi ya Taifa mwezi Februari 2024. Lau mitambo yote ingefanya kazi kwa nguvu zote usiku na mchana mwaka mzima, ingezalisha takribani gigawati-saa 18,500, yaani uniti bilioni 18.5. Matarajio ya mradi, hata hivyo, ni gigawati-saa 6,307 kwa mwaka, sawa na karibu theluthi moja, kwa sababu mto una masika na kiangazi, na kwa sababu bwawa limejengwa pia kukidhi mahitaji ya saa zenye watumiaji wengi. Hiyo si dosari ya bwawa. Ni hali ya kila chanzo cha nishati, na mtetezi anapaswa kujua kiwango cha kila kimoja: umeme wa jua katika eneo letu hutoa takribani moja ya tano ya uwezo wake kwa mwaka, au pungufu kidogo, kwa kuwa usiku jua halipo na mchana mawingu hupita. Kituo cha Garissa nchini Kenya, chenye uwezo wa megawati 50, kilitarajiwa kutoa karibu gigawati-saa 76 kwa mwaka, ambayo ni asilimia 17. Jotoardhi ya Olkaria, karibu na Naivasha, iko upande wa pili kabisa, kwa sababu mvuke wa ardhini haujui usiku wala kiangazi, na mitambo ya aina hiyo huweza kufanya kazi kwa zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake.

Kwa hiyo usilinganishe kamwe megawati 100 za jua na megawati 100 za jotoardhi kana kwamba ni sawa. Linganisha uniti kwa mwaka, kisha taja ni saa zipi za siku uniti hizo zinapatikana.

Jambo moja linalohusu Rufiji halisemwi vya kutosha. Maji ya Ruaha Mkuu hupita Mtera (megawati 80), kisha Kidatu (megawati 204), kisha huungana na Rufiji na kufika kwenye bwawa la Julius Nyerere. Maji ya Kihansi (megawati 180) nayo huteremka Kilombero na kuishia Rufiji. Zaidi ya megawati 2,500 za Tanzania, basi, zinategemea bonde moja la mto, na mvua zikikataa katika nyanda za juu kusini, mitambo hiyo yote huumia pamoja. Wanaokumbuka mgawo wa mwaka 2006 na wa mwaka 2011 wanajua ukame unavyoingia hadi ndani ya friji la muuza samaki. Ukitetea jua na upepo nchini Tanzania, hii ndiyo hoja yako iliyo imara kuliko zote: vyanzo hivyo hufanya kazi hata maji yanapopungua, na kila uniti ya jua inayotumika mchana ni maji yanayobaki bwawani kwa ajili ya usiku.

Geuza kila nishati ya kupikia iwe uniti

Hapa ndipo utakapoulizwa zaidi, nami nakushauri utumie muda wako mwingi hapa. Watu hununua mkaa kwa kopo, kisado au gunia, gesi kwa mtungi wa kilo 6 au 15, na umeme kwa uniti, kwa hiyo hawana namna rahisi ya kulinganisha. Kazi yako ni kuvitia vyote katika kipimo kimoja.

Kilo moja ya mkaa mzuri ina nishati inayolingana na takribani uniti 8. Jiko la kawaida la mkaa hupeleka kwenye sufuria karibu moja ya tano tu ya joto hilo, na linalobaki hupotea hewani, kwa hiyo kinachokifikia chakula ni kama uniti 1.6. Kilo moja ya gesi ina karibu uniti 13, na jiko la gesi hupeleka zaidi ya nusu, tuseme uniti 7. Uniti moja ya umeme ni uniti moja, na katika jiko la presha la umeme, ambalo limefungwa pande zote na halipotezi mvuke, takribani uniti 0.8 huingia kwenye chakula.

Sasa weka bei za mtaani kwako. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya mkaa ni shilingi 1,000 na kilo ya gesi ni shilingi 4,000. Uniti moja ya joto linalofika kwenye chakula itagharimu karibu shilingi 625 kwa mkaa na 570 kwa gesi. Kwa umeme, chukua mpangilio wa bei uliotangazwa Tanzania mwaka 2016, ambao mteja wa kawaida wa nyumbani hulipa shilingi 292 kwa uniti, na pamoja na kodi na tozo inakuwa 356. Joto hilohilo litagharimu karibu shilingi 445. Kwa mteja mdogo, ambaye hulipa shilingi 100 kabla ya kodi na 122 baada ya kodi, gharama inashuka hadi karibu shilingi 150. Usinukuu matokeo haya kama yalivyo. Nenda sokoni na mizani, pima kopo la mkaa lina gramu ngapi, kwa sababu kopo la muuzaji mmoja si la mwingine, kisha rudia hesabu kwa bei ya wiki hiyo.

Lakini kuna mtego katika bei ya mteja mdogo, na mtetezi asiyeujua ataiingiza familia kwenye hasara. Bei hiyo ya shilingi 100 ni ya wale wanaotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, yaani uniti mbili na nusu kwa siku. Zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi, na mtumiaji akizidi mara kwa mara huhamishiwa kwenye kundi la bei ya kawaida. Nusu kilo ya maharage kwenye jiko la presha la umeme kwa kawaida huiva kwa nusu uniti au chini ya hapo. Vyungu viwili kwa siku ni uniti 30 kwa mwezi. Nyumba inayotumia uniti 40 kwa taa, redio na simu itabaki chini ya kikomo, ilhali nyumba yenye friji inayotumia uniti 60 itakipita. Kwa hiyo kabla ya kumshauri mtu, mwombe akuonyeshe manunuzi yake ya LUKU ya miezi mitatu.

Njia bora ya kuthibitisha haya yote ni kupika mbele ya watu. Soma mita kabla ya kuwasha jiko, pika maharage ambayo wanakijiji wenyewe wameleta, soma tena mita yakiiva, kisha mpe mama mmoja aliyeko pale afanye kutoa na kuzidisha kwa bei anayolipa. Zima vifaa vingine vyote, la sivyo utahesabu na umeme wa friji. Namba iliyotoka kwenye mita ya jirani hukaa vichwani mwa watu muda mrefu kuliko takwimu ya shirika lolote la kimataifa.

Baada ya hesabu hiyo utaulizwa swali la haki: kama mkaa ni ghali hivi, mbona watu wengi bado wanautumia? Jibu ni kwamba mkaa huuzwa kwa fedha ambayo mtu anayo mfukoni jioni hiyo. Mwenye shilingi 1,000 anapata kopo, lakini hawezi kupata kipande cha mtungi wa gesi wala robo ya jiko la umeme. Kizuizi ni gharama ya kuanza, na mtetezi anayewalaumu watumiaji wa mkaa kwa ujinga hajaielewa hesabu yao. Mipango ya kulipa jiko kidogo kidogo, na gesi yenye mita inayolipiwa kadiri inavyotumika, ina maana kubwa kwa sababu inagusa kizuizi hicho hasa.

Taja vifo kwa uangalifu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo ni vya watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa Tanzania, serikali imekuwa ikitaja takribani vifo 33,000 kwa mwaka. Hakuna cheti cha kifo kilichoandikwa neno kuni. Wataalamu hupima kiasi cha chembe laini za moshi jikoni, hujua kiasi hicho huongeza kwa kadiri gani hatari ya nimonia, kiharusi, magonjwa ya moyo na ya mapafu, kisha hukadiria ni vifo vingapi kati ya vilivyotokea visingetokea lau moshi usingekuwepo. Sema neno "inakadiriwa" kila mara. Halipunguzi uzito wa msiba, na linakulinda na mtu atakayekuuliza majina ya marehemu.

Vivyo hivyo kwa misitu. Tanzania hutajwa kupoteza takribani hekta 469,000 za misitu kwa mwaka, na watetezi wengi huubebesha mkaa hasara yote. Sehemu kubwa ya ukataji hutokana na kufungua mashamba. Mkaa una mzigo wake wa kutosha: katika tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa huhitaji kilo 6 hadi 10 za mti. Namba hiyo inatosha kusimama yenyewe, bila kuongezewa lawama isiyo yake.

Asilimia inaweza kupanda huku idadi ikibaki palepale

Afrika ina takribani watu milioni 600 wasio na umeme, na idadi hiyo imebadilika kidogo sana tangu mwaka 2010, ingawa mamilioni wameunganishwa, kwa sababu watoto wanazaliwa kwa kasi inayokaribiana na ya nyaya. Zingatia kwamba wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Dar es Salaam tarehe 27 na 28 Januari 2025 waliunga mkono shabaha iliyotajwa kwa idadi ya watu, si kwa asilimia: kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Upande wa kupikia, Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Tanzania mwezi Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ukitaja shabaha kama hizi, taja pia mwaka wa mwisho na mahali pa kuanzia.

Angalia vilevile maana ya neno "kufikiwa". Kijiji huhesabiwa kimefikiwa na umeme nguzo na transfoma zinapowekwa, hata kama ni zahanati, shule na nyumba chache za barabarani tu zilizounganishwa. Tanzania Bara ina vijiji 12,318, na kuvifikishia umeme ni kazi kubwa inayostahili sifa. Hata hivyo, swali la mtetezi katika kijiji chake ni jingine: kaya ngapi zina mita, na ngapi kati ya hizo zimenunua uniti mwezi huu? Ada ya kuunganishwa vijijini ni shilingi 27,000, lakini kutandaza waya ndani ya nyumba hugharimu zaidi ya hapo, na wengi hukwama hatua hiyo. Tembea nyumba kwa nyumba uhesabu. Ni kazi ya siku mbili, na hakuna ofisa atakayekuja kikaoni akiwa na namba bora kuliko yako.

Namba zilivyotumika Lamu

Watu wa Lamu, pwani ya Kenya, walitoa mfano ambao kila mtetezi wa pwani yetu anapaswa kuufahamu. Kulikuwa na mpango wa kujenga kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, katika kaunti yenye mji mkongwe ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Wakazi, wakiwemo wavuvi, hawakusimama kwenye hasira peke yake. Walidai kuona tathmini ya mazingira, wakauliza maji ya moto yatakayorudishwa baharini yatafanya nini kwa samaki na mikoko, wakauliza majivu yatawekwa wapi, na wakaonyesha kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wachumi nao walionyesha kwamba mahitaji ya juu ya Kenya nzima wakati huo yalikuwa chini ya megawati 2,000, hivyo kituo kimoja kingezidi nusu yake katika nchi ambayo sehemu kubwa ya umeme wake ilikuwa tayari inatoka kwenye jotoardhi, maji na upepo. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa linaloamua migogoro ya mazingira lilifuta leseni ya mradi huo. Zingatia kwamba kilichoamua kesi hakikuwa takwimu za joto la dunia. Yalikuwa mapungufu ya tathmini na ya ushirikishwaji, yaliyothibitishwa moja baada ya jingine.

Miradi jadidifu nayo ipimwe kwa mizani ileile. Mashamba ya upepo ya Ziwa Turkana yana mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, na ni fahari ya Kenya. Mitambo ilikamilika mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ilikamilika mwaka 2018, na fidia ya kuchelewa ikawa mzigo wa nchi. Usilifiche jambo kama hili. Likumbushe wewe mwenyewe, kisha uulize kuhusu nyaya katika kila mradi mpya unaoutetea.

Kuhusu bei ya jua, inatosha kujua kwamba gharama ya umeme wa vituo vikubwa vya jua duniani ilishuka kwa takribani asilimia 90 kati ya 2010 na 2023, na kwamba Afrika ina takribani asilimia 60 ya maeneo bora ya jua duniani huku ikiwa na karibu asilimia moja tu ya mitambo iliyofungwa. Kwa matumizi ya nyumbani, zidisha wati za paneli kwa saa tano za jua kali: paneli ya wati 50 hutoa wati-saa 250, yaani robo ya uniti kwa siku, ambayo inatosha taa, simu na redio lakini haitoshi kupikia. Mweleze mnunuzi hivyo kabla hajalipa.

Weka daftari la namba

Kila namba unayoitumia iandike pamoja na mwaka wake, kipimo chake, aliyeitoa, na kama ni kipimo halisi au ni makadirio. Bei zikaguliwe kila unapokwenda kwenye mkutano, na takwimu za nchi angalau mara moja kwa mwaka. Ukigundua kwamba ulisema namba isiyo sahihi mbele ya watu, rudi mbele ya watu walewale uirekebishe, ukisema wazi ulisema nini na sahihi ni ipi. Kama huwezi kurudi, mpe mwenyekiti wa kijiji masahihisho kwa maandishi na umwombe ayasome katika mkutano unaofuata.